Rubani Asiyesema Hapana

Merikebu ilipogonga mwamba kwa mara ya kumi na tisa, Fumie Orihara aliuma midomo akatazama dari. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Watoto sita wa shule ya jirani walikuwa wamealikwa ofisini kulijaribu gemu kabla halijatoka, na mmoja wao, kivulana wa miaka tisa mwenye miwani na pengo la meno mawili, alikuwa ameizamisha merikebu mahali pale pale kwa mara ya nne mfululizo. Pale kwenye skrini, juu ya omo, mbele kabisa ya chombo, alisimama Isaki, binti wa miaka kumi na miwili aliyeikumbatia ramani kubwa kuliko yeye. Isaki ndiye rubani. Si rubani wa ndege, msinielewe vibaya. Ni rubani wa chombo cha baharini, yule ambaye kazi yake yote duniani ni kumwambia nahodha pita huku, usipite kule. Na nahodha ni mtoto aliyeshika vitufe.

Kila merikebu ilipoukaribia Mkondo wa Nungunungu, ambapo mwamba umejificha upande wa kulia, Isaki aligeuka, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Nahodha, na upande wa kushoto nao upepo wake si mbaya, naona."

Kivulana akamjibu asante, akaenda kulia. Kishindo, mbao zikatawanyika, mabaharia wakaelea na mapipa. Fumie akachuchumaa kando yake akamwuliza taratibu, anadhani rubani alikuwa anataka nini. Mtoto akafikiri kweli kweli, maana aliulizwa kwa heshima.

"Anapenda upepo," akasema.

Sasa ukimpa mtu mzima yeyote wa Fukuoka, mji wetu huu wa Japani, sentensi ile, ataruka kitini. Mwenzako wa ofisini akikuuliza kama wewe husikii baridi, unainuka ukafunge dirisha. Huhitaji kuambiwa mara mbili. Mtu akikusifia upepo wa kushoto wakati wewe umeelekea kulia, amekupigia kengele ya hatari. Lakini mtoto wa miaka tisa bado hajafundwa unafiki wetu huo. Kwake upepo ni upepo. Basi watoto sita walizama mara kumi na tisa kabla ya saa sita mchana, na mmoja alisema rubani huyu hana kazi, anapiga soga tu, afadhali wangempa ufagio asafishe sitaha.

Fumie aliyaandika yote hayo, akijua kwamba ndiye aliyeandika na soga lenyewe.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo aliitumia katika kampuni ile kuandika maneno ya wahusika: wachuuzi, maharamia, vizee vya bandarini, paka wanaosema. Hakuolewa, hakujuta, na alikaa na mama yake, Bi Tsuyako, ambaye aliuza samaki sokoni tangu Fumie hajazaliwa. Isaki ni jina la samaki; ndiye samaki ambaye Bi Tsuyako humkaangia binti yake akirudi na uso mrefu. Fumie alimpa rubani jina hilo kwa mapenzi. Wahusika wengine aliwaandika, huyu alimzaa, na alitaka watoto wampende kama yeye alivyompenda. Badala yake walitaka kumpa ufagio.

Na kisa kilikuwa Mkuu. Jina lake Shigematsu, miaka hamsini na minane, mtu aliyetunga gemu ambazo nchi nzima ilizicheza wakati Fumie yuko sekondari. Kama angekuwa mkali, mambo yangekuwa mepesi, kwa sababu mkali unamsema chooni na roho inatulia. Mkuu alikuwa mpole. Alimshukuru kila mtu kwa kila kitu, hata mleta barua. Na mwanzoni kabisa, miaka mitatu nyuma, alikuwa amesema neno moja kuhusu Isaki, kwamba rubani mwenye adabu hampingi nahodha wake mbele ya mabaharia. Alilisema mara moja tu, huku anamenya chungwa. Likawa sheria.

Fumie alikuwa amemwandikia kuhusu jambo hilo mara kumi na moja. Barua pepe kumi na moja, alizihesabu, na kila moja ilimchukua nusu siku. Kila mara Mkuu alijibu kwamba ameshukuru sana na amelitazama. Kisha hakuna kilichobadilika. Fumie akibadilisha upepo akaweka wingu, Mkuu alisifu wingu. Akitoa wingu akaweka ndege shakwe, Mkuu alisema shakwe wa kushoto ni mzuri, anagusa moyo. Watoto wakazama na shakwe wao, naye akaurudisha upepo.

Sasa muda ulikuwa umekwisha. Alhamisi ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kurekodi sauti ya Isaki. Sauti ikisharekodiwa, hakuna wa kuigusa tena. Mdomo wa katuni unafungwa kwenye maneno yale, na gemu linakwenda kiwandani. Kama Isaki hakusema hapana kufikia Alhamisi, hatasema milele. Atabaki mtoto wa soga katika nyumba laki ngapi sijui, na watoto wote wa nchi watamcheka.

Kwa hiyo Jumatatu Fumie alifanya inavyofanywa. Katika kampuni kama ile, mkutano si mahali pa kuamua jambo. Mkutano ni mahali pa kutangaza jambo lililokwisha kuamuliwa kwa kuwazungukia watu mmoja mmoja, kimya kimya, na kikeki cha maharage mkononi. Unakaa, unasifia mmea wa mwenzako mezani, unaulizia mgongo wake, ndipo unagusia. Akisema "ni kweli, ni kweli" mara mbili, umempata. Fumie hakupenda mchezo huo. Aliuona unachosha, unanuka uoga. Lakini aliucheza, kwa sababu aliona hana pengine pa kushika.

Alianza na Ushijima, bwana wa sauti, mnene, mcheshi, ambaye alikubali kabla hajamaliza keki. Alikwenda kwa Kanae, binti wa programu, aliyesema yeye mwenyewe amezama pale mara sita na ndiye aliyeuweka ule mwamba. Akabaki Nakabeppu, msimamizi wa ratiba, mkubwa kuliko wote baada ya Mkuu. Fumie alimwekea Jumanne asubuhi, na keki mbili.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu hasa, mgeni hata asingelijua. Mwenye cheo huzungukiwa kwanza. Fumie alimwacha wa mwisho kwa sababu alimwogopa. Jumatatu ile ile alasiri Ushijima akakutana na Nakabeppu kwenye chumba cha kuvutia sigara, akamwambia kwa nia njema kabisa, "Hili jambo la Isaki la Dada Orihara zuri, sivyo?" Nakabeppu hakuwa amelisikia. Mtu wa ngazi yake kulisikia jambo kwa bwana wa sauti, tena ndani ya moshi, ni sawa na kualikwa harusini baada ya sahani kuoshwa. Fumie alipofika Jumanne na keki zake mbili, Nakabeppu alizipokea, akasema ni kweli, mara moja tu, kisha akatazama saa.

Mkutano ukawa Jumatano. Mkuu akamaliza ajenda, akafunga daftari, akauliza kama alivyouliza kila wiki kwa miaka kumi na minne, "Kuna mwenye neno?"

Fumie akamtazama Nakabeppu. Nakabeppu akatazama chai yake. Ushijima, alipoona Nakabeppu anatazama chai, naye akatazama chai. Kanae hakuwa na chai, akatazama kalamu. Fumie mwenyewe akafungua mdomo, akasema kwamba kuhusu Isaki, ikiwa nafasi ingepatikana, pengine kuna mambo madogo. Mkuu akamtazama kwa upole akangoja. Fumie akasema lakini si ya leo. Mkuu akamshukuru. Watu wakainuka, viti vikarudishwa, na Ushijima akampitia mlangoni akamnong'oneza kwamba pole, hali ya hewa haikuwa nzuri mle ndani.

Alikasirika, jamani. Alikwenda kwenye ngazi za dharura akaupiga ukuta teke mpaka kidole kikauma. Aliwakasirikia Ushijima na mdomo wake, Nakabeppu na cheo chake, na zaidi ya wote alimkasirikia Mkuu na shukrani zake zisizo na mwisho. Mtu anaambiwa mara kumi na moja na hasikii, huyo ana masikio au ana vishikio vya miwani?

Jioni Bi Tsuyako alimkaangia samaki bila kuuliza, maana uso ulitosha. Baadaye akauliza, kwani huyo mkuu wako umemwambia? Fumie akajibu amemwambia mpaka amechoka. Mama akataka kujua amemwambiaje. Fumie akasema Mama, kazini si sokoni, huwezi kupayuka tu kwamba samaki huyu ameoza. Bi Tsuyako akachambua mfupa.

"Mimi sijawahi kumuuzia mtu samaki aliyeoza," akasema, kisha akaomba apewe chumvi.

Alhamisi saa nne walikuwa wote katika chumba cha kurekodi: Ushijima kwenye mitambo, Nakabeppu na ratiba yake, Mkuu katikati, Fumie kwenye kiti cha pembeni na karatasi. Ng'ambo ya kioo alisimama Mama Kuwata, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, mfupi, amevaa soksi bila viatu ili asitoe mlio. Kwa miaka arobaini alikuwa ameigiza sauti za watoto, na akifungua mdomo ungeapa kuna mtoto wa darasa la sita amejificha mfukoni mwake. Alisoma salamu, alisoma vichekesho, alisoma Isaki anaumwa tumbo kwa mawimbi, na wote wakacheka. Kisha wakafika Mkondo wa Nungunungu.

"Nahodha, na upande wa kushoto nao upepo wake si mbaya, naona."

Mkuu akaomba arudie kwa wasiwasi kidogo. Akarudia. Mkuu akaomba wasiwasi huo huo, ila wenye heshima zaidi. Akarudia. Ikawa mara ya tano, ya sita, na kila mara ilikuwa nzuri na kila mara haikuwa na kitu. Baada ya mara ya saba Mama Kuwata alivua miwani. Wengine wote mle ndani wangemung'unya maneno, lakini yeye alikuwa amekula chumvi nyingi na hakuwa mwajiriwa wa mtu.

"Samahani, Mkuu, mimi ni mjinga," akasema. "Huyu mtoto mwamba anauona au hauoni?"

Mkuu akasema anauona.

"Mbona basi anazungumza upepo?"

Mkuu akamgeukia Fumie akamwomba, yeye aliyeandika, amfafanulie. Fumie akasogea mezani, akabonyeza kitufe cha kuzungumzia ili asikike ng'ambo, akaanza kusema kwamba Isaki pengine, kwa namna fulani, huenda anajaribu kuonyesha. Mama Kuwata alikuwa ameshika penseli juu ya karatasi yake, anangoja aandike anachotaka mtoto. Alingoja. Penseli haikushuka, kwa kuwa hakuna lililosemwa la kuandikwa.

"Anataka kusema hapana," Fumie akasema. "Anataka kusema hapana ila haruhusiwi."

Ushijima aliacha kutafuna. Mkuu akauliza kwa mshangao wa kweli, haruhusiwi na nani.

"Na wewe, Mkuu. Nimekuambia mara kumi na moja." Sauti ilikuwa inamtetemeka na hakuweza kuizuia. "Watoto wanazama pale kama kokoto. Mara kumi na moja nimekuambia, hukusikia hata moja."

Nakabeppu akakohoa kikohozi kile cha kufunika kombe mwanaharamu apite, lakini mwanaharamu alikuwa ameshakaa kitako. Mkuu hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejipapasa mifuko akitafuta ufunguo.

"Uliniambia lini?" akauliza.

Fumie alichomoa simu kwa mkono wa pili. Barua zote zilikuwa mle, na alizitaka azisome kwa sauti, moja baada ya moja, mpaka Mkuu aone haya. Akasoma ya kwanza: kuhusu maneno ya Isaki, kama Mkuu atapata nafasi, huenda ikawa na maana kuyatazama tena siku moja.

"Niliyatazama," Mkuu akasema. "Nikayaona mazuri."

Fumie akasoma ya nne: katika majaribio, watoto wameonekana kuurudia Mkondo wa Nungunungu mara nyingi sana.

"Hiyo ilinifurahisha. Nilidhani wanarudi kwa kuupenda."

Ya sita akaanza kuisoma kwa sauti, akaimalizia kimya. Akaivuta ya saba, ya nane, kidole gumba kinapanda na kushuka kwenye simu. Alitafuta mahali alipoandika mwamba, hakupaona. Alitafuta wanazama, hakuona. Alitafuta hapana. Neno kosa alilikuta mara moja, katika ya kumi na moja, ya Jumamosi ile ile ya watoto, mstari wa mwisho: niwie radhi kwa kosa langu la kukuchukulia muda.

Zile nusu siku zote. Alikuwa amekaa akiitengeneza kila sentensi mpaka ikalainika, akaituma, akaenda nyumbani akimlaani mtu kwa kutosikia. Hasira yote aliyokuwa amewagawia wengine tangu jana ikarudi ikamkaa yeye kifuani, na ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alitamani kulia, si kwa huzuni, kwa kujichukia tu.

"Sikukuambia," akasema.

"Basi niambie sasa," Mkuu akasema.

Ilimchukua muda. Miaka arobaini na mmoja hajawahi kumwambia mtu wa cheo neno lile likiwa uchi, bila labda mbele wala pole nyuma. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Hapana, Mkuu. Huko siko. Huko kuna mwamba."

Alikuwa amesahau kidole cha mkono wake wa kwanza. Muda wote huo kilikuwa kimekandamiza kitufe, na ng'ambo ya kioo Mama Kuwata alikuwa amesikia kila kitu, barua na mtetemo na ule muda mrefu wa kimya. Alikuwa amevaa miwani yake tena. Akakisogelea kipaza sauti, na spika zikatoa sauti ya mtoto wa miaka kumi na miwili, anayeogopa, aliyechoka kutosikilizwa, ambaye ameamua liwalo na liwe.

"Hapana, Nahodha. Huko siko. Huko kuna mwamba."

Mkuu akamwuliza Ushijima kwa sauti ya chini kama ameipata. Ushijima, aliyekuwa amewasha mashine bila kuagizwa na mtu, akasema ameipata. Mama Kuwata akauliza kama arudie. Mkuu akasema hapana, inatosha.

Kisha akakaa akiitazama ile karatasi ya maneno. Alisema kwamba Jumamosi alisimama nyuma ya wale watoto kwa saa nzima, akawaona wanazama, akajiambia watoto wa siku hizi hawana masikio. Alisema ana binti wa umri kama wa Fumie ambaye hampigii simu siku hizi, na kwamba binti huyo naye, kama Fumie, amemwandikia mara nyingi. Hakuendelea na hilo, na hakuna aliyemwuliza.

Nakabeppu akainua ratiba, akasema kwa heshima zote kwamba muda wa chumba unakwisha saa sita. Mkuu akamshukuru, akaichukua ratiba mkononi mwake, akaifudikiza mezani. Akamwuliza Fumie, je, na mikondo mingine? Iko mingapi yenye maneno ya namna hiyo?

Neno "huenda" lilimjia ulimini. Alilimeza.

"Yote," akasema. "Yote kumi na minne."

Mkuu akavuta kiti kingine, akakipigapiga ili Fumie akae, akamwambia aanze na mkondo wa kwanza.